Mtoto Wako Amekamatwa na Bangi: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Kenya

Neno linaloharibu kesi nyingi za watoto ni fupi: "Ni kweli." Karani amemaliza kusoma mashtaka, kijana amesimama mbele ya hakimu na mikono nyuma, na mama yake, aliyeketi benchi la tatu, anamkonyeza akubali ili ipigwe faini watu warudi nyumbani. Kijana anaitikia. Dakika mbili zimepita, na jambo ambalo lingeweza kumalizwa bila doa lolote limeandikwa kwenye faili kuwa amekiri.

Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Pwani, na nimeketi kwenye mabenchi hayo na wazazi wengi. Wengi wao walishindwa na ile hamu ya kulimaliza jambo siku hiyo hiyo, ingawa sheria yenyewe ilikuwa upande wao. Ndiyo maana naeleza hatua hizi kwa mpangilio wake, tangu simu inapolia. Sheria ninayoieleza ni ya Kenya. Aliye Tanga au Dar es Salaam ana Sheria ya Mtoto ya 2009 na sheria ya dawa za kulevya ya 2015, ambazo zina taratibu zake, kwa hiyo asiyachukue haya kama yalivyo.

Kabla hujatoka nyumbani

Ukipigiwa simu kwamba mwanao yuko kituoni, andika saa uliyopigiwa, jina la aliyekupigia na kituo. Kisha tafuta karatasi ya umri wake. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kama hakipo, chukua kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa. Beba na kitambulisho chako.

Karatasi hii ina uzito kuliko mzazi anavyodhani. Nakumbuka mvulana wa miaka 16, mrefu, ndevu zimeanza kuchomoza, aliyekamatwa nyuma ya kinyozi na msokoto mmoja mfukoni. Kitabu cha matukio kilimtaja kuwa na miaka 19. Hakuna aliyemuuliza, walimtazama tu wakakadiria. Alilala na watu wazima usiku huo. Asubuhi mama yake alifika na kadi ya kliniki aliyoitunza tangu mtoto akiwa na wiki sita, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, wino wa tarehe umefifia lakini unasomeka. Kadi ile ndiyo iliyomtoa kwenye safu ya watu wazima na kumpeleka mahakama ya watoto.

Kwa Katiba ya 2010, mtoto ni mtu ambaye hajafika miaka 18. Na Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka ngazi nyingine ndani ya utoto huo. Aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai kabisa. Aliye chini ya 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya, mpaka mahakama iridhishwe kwa ushahidi kwamba anaweza. Kama mwanao ana miaka 13, basi tarehe ya kuzaliwa pekee yaweza kuwa nusu ya utetezi wake.

Chukua pia dawa zake kama ana pumu au kifafa, shati safi na chakula. Usichukue bahasha ya "kitu kidogo". Sheria ya Hongo ya 2016 inamtia hatiani anayetoa kama inavyomtia anayepokea, na nimeona mzazi akitoa pesa jioni, zamu ikabadilika usiku, na mtoto akafikishwa mahakamani asubuhi vile vile.

Kituoni

Ingia kwa adabu. Sauti ya juu haimtoi mtoto seli. Salimia, jitambulishe kuwa mzazi au mlezi, kisha uliza manne: amekamatwa na nani, saa ngapi, kwa kosa gani, na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ni ipi. Andika majibu mbele yao. Uliza kama kituo kina dawati la watoto au kitengo cha ulinzi wa watoto, na omba afisa wa watoto wa eneo ajulishwe. Kama wanasitasita, mtafute mwenyewe kwenye ofisi ya Kurugenzi ya Huduma za Watoto ya kaunti ndogo yenu. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na wanaopokea wanajua pa kukuelekeza.

Onyesha cheti cha umri na uombe umri sahihi uandikwe. Kama umeshaandikwa vibaya, mwombe mkuu wa kituo arekebishe. Akikataa, utalieleza hakimu. Mtoto asiye na karatasi yoyote hupelekwa kwa daktari kukadiriwa umri, na ni afadhali uombe hilo wewe kuliko kuacha jicho la askari liamue.

Haki za mwanao hapa zimeandikwa katika kifungu cha 49 na cha 53 cha Katiba. Aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Anaweza kukaa kimya. Anaweza kuwasiliana na wakili na watu wake. Asiwekwe pamoja na watu wazima. Kumzuia kuwe njia ya mwisho, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita.

Hizo saa 24 zina mwanya mmoja ambao wazazi hawaujui. Zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama au siku isiyo ya mahakama, mpaka unasogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kuonana na hakimu Jumatatu. Kwa hiyo Ijumaa usiwaze mahakama kwanza. Waza bondi ya polisi usiku huo huo.

Bondi ya polisi ni bure. Mzazi anatia sahihi kwamba atamfikisha mtoto siku fulani mahali fulani, basi. Wakidai dhamana ya pesa taslimu, hiyo huwa na stakabadhi rasmi, nayo hurudishwa kesi ikiisha. Pesa inayoombwa bila stakabadhi haina jina jingine ila lile tunalolijua wewe na mimi.

Kisha omba kuonana na mtoto. Mtazame mwili mzima, uso, mgongo, viganja. Kama ameumizwa, omba apelekwe hospitali na ajaziwe P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, na piga picha za majeraha. Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, lakini ushahidi wa daktari huanzia siku hiyo hiyo.

Mtoto akishatulia, mwambie maneno machache tu: "Mwanangu, jina lako, umri wako na unapoishi wape. Mengine tumngoje wakili." Hapo humfundishi kusema uongo, na asidanganye hata kidogo. Ananyamaza kwa haki aliyopewa na Katiba. Najua mzazi wa kwetu hulelewa akiamini kwamba mtoto mwenye adabu hujibu anapoulizwa na mkubwa. Kituoni adabu yake ni kusema, "Afande, naomba nijibu wakili akiwepo."

Asitie sahihi maelezo ambayo wewe au wakili hamjayasoma. Kwa kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo la jinai halikubaliwi mahakamani isipokuwa limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo, wa cheo kinachotakiwa na sheria, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Kukiri kwa konstebo aliyemkamata barabarani si ungamo la kisheria. Na wakitaka nywila ya simu yake, jibu ni lile lile: wakili kwanza.

Kumpata wakili

Usimtafute wakili aliye mashuhuri kwenye televisheni. Mtafute anayefika mahakama ya watoto mara kwa mara, anayewajua maafisa wa watoto na waendesha mashtaka wa pale. Mombasa kesi hizi husikizwa Tononoka. Simama pale ukumbini asubuhi moja utawatambua mawakili wa watoto kwa jinsi wanavyoinama kuongea nao. Muulize wakili maswali matatu: amewahi kushughulikia daivesheni (nitaieleza chini) kwa kesi ya dawa za kulevya, ada yake inaishia wapi, na nani atasimama siku ambayo yeye hayupo.

Huna pesa? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja watoto miongoni mwa wanaostahili msaada wa serikali, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ndiyo inayopokea maombi. Kituo Cha Sheria wana ofisi Nairobi na Mombasa. FIDA, chama cha mawakili wanawake, husaidia wanawake na watoto. Na kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa apewe wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea bila wakili. Kama umefika mbele ya hakimu mikono mitupu, simama useme: "Mheshimiwa, mtoto hana wakili, naomba apewe mmoja kabla hajajibu mashtaka." Sentensi hiyo iandike kwenye kikaratasi. Ukishasimama pale, maneno hukauka.

Soma hati ya mashtaka kwa kidole

Hapa naomba uende polepole. Hati ya mashtaka ni ukurasa mmoja, na wazazi wengi huitazama bila kuisoma.

Angalia kwanza kifungu. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ina kifungu cha 3, kupatikana na dawa, na kifungu cha 4, ulanguzi. Tofauti ya tarakimu hiyo moja ni kama mlima na kichuguu. Kwa bangi ambayo mahakama imeridhika kwamba ilikuwa ya matumizi ya mtu mwenyewe, marekebisho ya 2022 yaliweka ukomo wa kifungo cha miaka 5 au faini ya shilingi 100,000. Hayo ni kwa mtu mzima, na mtoto ana njia zake nitakazozieleza. Ulanguzi una adhabu nzito mno. Kijana aliyekuwa na misokoto miwili na akashtakiwa kwa kifungu cha 4 ana jambo la kwanza la kupigania: kwa nini si kifungu cha 3?

Tambua pia kwamba anayedai dawa ilikuwa ya kutumia mwenyewe ndiye anayetakiwa kuiridhisha mahakama juu ya hilo. Kwa hiyo mazingira yana maana. Msokoto mmoja mfukoni ni tofauti na vifurushi kumi vilivyofungwa sawasawa, na mizani na noti ndogo ndogo kando yake. Kama ni kete za unga, yaani heroini, sheria ni kali zaidi hata kwa kiasi kidogo, na hapo usithubutu hatua moja bila wakili.

Pili, uzito. Kifungu cha 74A cha sheria hiyo kinaelekeza kwamba dawa itakayotumika kama ushahidi ipimwe na sampuli ichukuliwe mbele ya mshukiwa na wakili wake, inapowezekana. Muulize mwanao: walipima mbele yako? Ulitia sahihi popote? Gramu zilizoandikwa zinafanana na ulichokuwa nacho?

Tatu, ripoti ya Mkemia wa Serikali. Majani makavu hayawi bangi kwa sababu askari amesema yananuka bangi. Ni lazima sampuli ipimwe, na ripoti iwe kwenye faili. Nimewahi kushika hati ya mashtaka iliyosema "bangi" wakati kielelezo bado kiko kwenye droo ya kituo, hakijapelekwa kokote. Mtoto alikuwa ameshaulizwa ni kweli au si kweli.

Nne, majina. Kama mwanao ameshtakiwa pamoja na mtu mzima, kesi inaweza kwenda mahakama ya kawaida badala ya ile ya watoto. Mwambie wakili alitazame hilo siku ya kwanza na aombe mashtaka yatenganishwe.

Siku ya kwanza mbele ya hakimu

Mtoto avae nguo safi za kawaida. Sare ya shule sikushauri, maana inaitangaza shule kwa kila mtu ukumbini. Afike na mzazi. Kwa kifungu cha 50, asomewe mashtaka kwa lugha anayoielewa, na mkalimani ni bure. Kama Kiswahili cha mahakama kinampita na nyumbani mnaongea Kigiriama au Kisomali, semeni.

Akiulizwa, ana majibu mawili: ni kweli, au si kweli. Kama wakili hajasoma ushahidi, hajaona ripoti ya Mkemia na hajazungumza na upande wa mashtaka, jibu la busara ni "si kweli", au wakili aombe muda kabla ya jibu lolote. Wazazi huniuliza, "Si atakuwa amedanganya mahakama, na mimi najua alikuwa nayo?" La. "Si kweli" katika lugha ya mahakama maana yake ni kwamba anauambia upande wa mashtaka uthibitishe madai yake, na ndiyo kazi yao. Kukiri kunaweza kuja baadaye kwa masharti mazuri, lakini kukiondoa kilichokwisha kukiriwa ni kazi ngumu.

Hata akikubali, hakimu hatakiwi kuishia hapo. Mashtaka yaelezwe vizuri, maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyasema, mwendesha mashtaka asome maelezo ya tukio, kisha mtoto aulizwe kama maelezo hayo ni sahihi. Akisema, "Ni kweli ilikuwa kwenye begi lakini si yangu," huyo hajakiri. Hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Sikiliza kwa makini hapo, na kama limepita, mguse wakili begani.

Baada ya hapo ni dhamana. Kwa mtoto, mahakama huweza kumkabidhi kwa mzazi kwa ahadi ya maandishi, na wakili aliombe hilo kwanza kabla ya kuzungumzia pesa. Eleza anasoma wapi, anakaa na nani, na nani atamleta siku ya kutajwa kwa kesi. Barua ya mwalimu husaidia sana. Asipotolewa, mahali pake ni mahabusu ya watoto. Rumande ya watu wazima hapaswi kupelekwa kabisa.

Majina na picha za mtoto mwenye kesi haziruhusiwi kuchapishwa. Hilo linamhusu na shangazi anayetaka kuomba dua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwambie aombe bila picha.

Daivesheni: njia ambayo wengi hawaambiwi

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Sheria ya Watoto ya 2022 imeweka utaratibu wa kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa mashtaka na kumpeleka kwenye masharti ya kumrekebisha. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma nayo ina sera ya jambo hilo tangu 2019. Maafisa huiita daivesheni. Mtoto akitimiza masharti, kesi inaisha bila kupatikana na hatia. Masharti yenyewe huwa ni ya maisha ya kawaida: ushauri nasaha, kuripoti kwa afisa kwa tarehe fulani, kuhudhuria shule bila kukosa, kutokaribia maskani fulani, kuomba radhi, kufanya kazi ya kijamii.

Mwenye uamuzi ni upande wa mashtaka, na hautakufuata nyumbani kukuletea. Wakili aandike barua mapema, kabla ya kesi kuanza kusikizwa, akieleza umri wa mtoto, kwamba ni mara ya kwanza, kiasi kilichopatikana, na mpango wa familia. Ambatisha cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule, na kama umeshampeleka kwa mshauri, barua ya mshauri huyo. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba 1192 isiyo na malipo, ambapo unaweza kupata maelekezo ya ushauri na matibabu. Mzazi anayefika kwa mwendesha mashtaka na mpango ulioanza tayari husikilizwa tofauti na anayefika na machozi peke yake, na nasema hivyo nikiyaheshimu machozi.

Lipo sharti gumu: mtoto akubali wajibu wake kwa hiari, bila kulazimishwa na mtu, na mzazi naye akubali. Ndiyo maana nasema wakili awepo. Mtoto ambaye kweli hakuwa na kitu, begi lilikuwa la rafiki, asisukumwe kukubali ili tu mambo yaishe. Na aliyekuwa nayo asikubali kabla hajasomewa kila sharti, litadumu muda gani, na nini kitatokea akilikosa moja. Usiweke sharti ambalo nyumba yenu haiwezi kulibeba. Mama anayeuza mahamri alfajiri hawezi kumsindikiza mtoto kwa mshauri kila asubuhi. Aseme hivyo, na iandikwe jioni.

Kesi ikiendelea

Daivesheni isipopatikana, kesi husikizwa. Omba kwa maandishi nakala za maelezo ya mashahidi, ripoti ya Mkemia na fomu ya kielelezo. Katiba inataka mshtakiwa apate ushahidi huo mapema. Wakili atafuata mambo mawili zaidi ya yote. La kwanza ni kama mtoto alikuwa nayo kwa kujua na iko chini ya mamlaka yake: vijana wanne ndani ya tuktuk na kifurushi chini ya kiti ni habari tofauti na kifurushi soksini mwake. La pili ni safari ya kielelezo: nani alikichukua, alikitia alama gani, kilikaa wapi, nani alikipeleka maabara, na uzito ulibaki ule ule njiani. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtoto unaweza kukataliwa ukiharibu usawa wa kesi.

Hudhuria kila tarehe, hata ile ya kutajwa tu. Siku moja ya kukosa huzaa hati ya kukamatwa, na dhamana hupotea.

Wakati mwingine upande wa mashtaka huiondoa kesi. Muulize wakili imeondolewa kwa kifungu gani cha taratibu za jinai. Ikiwa ni 87(a) kabla mtoto hajajitetea, ameachiliwa lakini anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Wazazi huondoka wakishangilia, wanatupa faili, na miezi michache baadaye wanatafuta karatasi.

Akipatikana kuwa alitenda

Mtoto hapelekwi jela. Sheria ya Watoto inakataza kifungo kwa mtoto, na hata maneno ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa hayatakiwi kutumika kwake. Hakimu ana njia nyingine: kumwachilia kwa masharti au bila masharti, kumweka chini ya afisa wa probesheni, ushauri nasaha, kazi ya jamii, faini inayolipwa na mzazi, shule ya kurekebisha tabia, na kwa wakubwa zaidi, taasisi ya Borstal, yaani kituo cha kuwarekebisha vijana, kama Shimo la Tewa au Shikusa.

Kabla ya uamuzi, afisa wa watoto au wa probesheni hutembelea nyumbani kuandika ripoti. Ziara hiyo ina uzito kuliko hotuba ya wakili. Usipambe nyumba wala usifiche kwamba baba haishi hapo. Eleza nani anamwona mtoto akirudi jioni, analala chumba gani, umebadilisha nini tangu akamatwe. Babu aseme atafanya nini, na mjomba vile vile. Afisa anatafuta mtu mzima mmoja anayeaminika ambaye mtoto anamsikiliza. Kama ni mwalimu wa mpira na si wewe, mtaje.

Mkiona uamuzi si wa haki, rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14.

Shule

Wakati mwingine barua ya shule hufika kabla ya ile ya mahakama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mwanafunzi kufukuzwa hivi hivi. Njia nyingine ziwe zimeshajaribiwa, na mtoto na mzazi wawe wamesikilizwa. Nenda na wakili au afisa wa watoto, omba barua, na mkumbushe mwalimu mkuu kwa heshima kwamba mashtaka bado hayajathibitishwa. Akisimamishwa, uliza tarehe ya kurudi na uombe iandikwe.

Kama ameshafika miaka 18 au 19

Huyu kwa sheria ni mtu mzima, na mahakama yake ni ya kawaida. Lakini mengi hayabadiliki: saa 24, ukimya, dhamana, kifungu cha 3 badala ya cha 4, ripoti ya Mkemia. Sera ya daivesheni ya 2019 inawafikia watu wazima pia, kwa hiyo wakili aiombe. Kwake yeye "ni kweli" ya haraka ni ghali zaidi, kwa sababu hatia itaonekana siku atakapoomba cheti cha tabia njema ili apate kazi bandarini au aende Ughaibuni.

Faili likifungwa

Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi au ya barua ya kukamilisha daivesheni, tatu kama unaweza, na moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine. Kama ulilipa dhamana taslimu, haitarudi yenyewe. Peleka stakabadhi ya asili, kitambulisho cha aliyelipa na maelezo ya benki au simu kwa ofisi ya fedha ya mahakama, na urudi kuulizia kila wiki mpaka iingie. Simu ya mtoto iliyochukuliwa kama kielelezo wakili aiombee amri ya kurudishwa siku hiyo hiyo ya uamuzi, hakimu akiwa bado ameketi, kisha uende na amri hiyo kituoni uikague kwa namba yake ya IMEI kabla ya kutia sahihi kwamba umeipokea.